Mkopo wa nyumba bila slipu ya mshahara: uzoefu wangu Arusha

Jibu kwanza, maana najua wengi mnasoma kwa haraka. Ndiyo, mwongoza watalii anayelipwa kwa safari, na ambaye jina lake liliwahi kuchafuka kwa deni, anaweza kupewa mkopo wa nyumba na benki ya kawaida hapa Arusha. Mimi nimepewa: shilingi milioni 80, miaka 15, riba ya asilimia 16. Kama ni kugawa nyota tano, benki yangu naipa tatu. Moja imeondoka na riba. Nyingine imeondoka na mambo ambayo hakuna aliyenitajia mpaka nilipokuwa nimeshamlipa mtathmini.

Jina la benki sitaji, kwa sababu nimegundua kwamba tawi na afisa unayempata vina uzito kuliko bango la nje. Jamaa yangu aliomba benki hiyohiyo, tawi jingine, wakamzungusha mpaka akachoka.

Kazi yetu mnaijua. Januari mpaka mwanzo wa Machi tuko Ndutu, kusini mwa Serengeti, nyumbu wanazaa. Juni mpaka Oktoba hakuna kulala, na Desemba kuna wageni wa sikukuu. Aprili na Mei ni mvua, kambi nyingi zinafungwa na gari linaingia gereji. Pesa nayo inakuja kwa milango miwili. Kuna posho ya siku, ambayo kampuni inaipitisha benki baada ya safari, na kuna tipu, dola taslimu ndani ya bahasha, ambayo mgeni anakukabidhi siku ya mwisho mkiwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Safari ikiwa nzuri, bahasha inaweza kuizidi posho yote. Sasa kaa ukijua: kwenye mkopo wa nyumba, bahasha haipo.

Benki ya kwanza niliyokwenda hawakufika hata huko. Waliuliza slipu ya mshahara na barua ya mwajiri, nikasema sina, mazungumzo yakaishia kwenye kaunta. Sikuwalaumu sana. Mkopo wao ulikuwa umetengenezwa kwa watumishi wanaokatwa mshaharani, na mimi nilikuwa nimepanga foleni isiyo yangu. Somo la bure kwa mwenzangu: kabla hujakaa, uliza kama wana mkopo wa nyumba kwa waliojiajiri. Zipo benki zinazo, nyingine hazina, na mlinzi wa mlangoni hawezi kukwambia.

Kwenye benki ya pili nilipata afisa mikopo mmoja, dada mtulivu, akachapa taarifa ya akaunti yangu ya miaka miwili na kuanza kuipitia na kalamu nyekundu.

"Kaka, Aprili hii ulikuwa wapi?"

Nyumbani, dada.

"Na Mei?"

Nyumbani pia.

Akafunua kurasa mpaka mwaka uliotangulia, akakuta Aprili na Mei ziko tupu vilevile, na Julai imejaa vilevile. Akaandika pembeni neno moja: msimu. Nadhani hapo ndipo mkopo wangu ulipopona. Kipato kupanda na kushuka hakikumtisha. Kinachowatisha ni kushuka bila sababu inayoeleweka. Mtu ambaye akaunti yake inakauka Februari mwaka huu na Septemba mwaka ujao atakuwa na maswali mengi zaidi ya kujibu kuliko mimi.

Hesabu yao ilikuwa ya ubahili. Walichukua malipo yaliyotoka kwenye kampuni za utalii pekee, wakayajumlisha kwa miaka miwili, wakagawa kwa 24, kisha wakakata sehemu ya mafuta na matengenezo ya gari. Hela ya tipu niliyokuwa nikiipeleka dirishani mwenyewe haikuhesabiwa hata senti, maana haionyeshi imetoka kwa nani. Dola nazo walizibadilisha kwa bei ya chini. Nilinuna kidogo, lakini mwishoni mwa 2024 wote tuliona dola ilivyoporomoka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 mpaka karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Anayelipwa kwa dola na kudaiwa kwa shilingi ajue hilo ni shimo lake.

Halafu TRA, mamlaka ya mapato. Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa stendi hawatalipenda. Benki ililinganisha miamala yangu na makadirio ya kodi niliyolipa. Ukimwambia TRA unapata kidogo, huwezi kumgeukia afisa mikopo na kumwambia unapata nyingi; karatasi ni zilezile. Kodi niliyokuwa nikiilipa kwa kulalamika ndiyo iliyonipa kiwango cha mkopo. Wapo watu wanaonizidi kipato mara mbili ambao kwa benki hawana thamani yoyote, kwa sababu maisha yao yote yako mfukoni.

Tuje kwenye jina kuchafuka. Mwaka 2019 nilikopa kununua Land Cruiser kutoka kwa taasisi moja ya mikopo. Machi 2020 corona ikafunga viwanja vya ndege duniani, na hakuna guide wa Arusha ambaye hajui kilichofuata. Marejesho yalilala miezi mingi. Wageni waliporudi nikalipa polepole, na 2022 nikamaliza lote na faini zake. Nikaamini tumeachana.

Hatukuwa tumeachana. Taasisi za fedha hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni ya kutunza kumbukumbu hizo, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, ndizo zinazowauzia benki ripoti yako. Niliomba ripoti yangu kabla ya kupeleka maombi, na huu ndio uamuzi bora nilioufanya katika safari yote. Ule mkopo wa gari ulikuwa unasomeka bado uko wazi, una salio, na uko kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa. Salio lenyewe lilikuwa la tozo ambayo hata waliponionyesha hawakuweza kuieleza.

Kampuni ya kumbukumbu haiwezi kufuta kitu kwa sababu umesema wewe. Anayerekebisha ni yule aliyepeleka taarifa. Kwa hiyo nikarudi kwa taasisi ile na stakabadhi zote, nikadai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na nikadai warekebishe walichopeleka. Walinichosha. Kila nikifika mhusika yuko kikaoni. Kilichowaamsha ni barua niliyoiandika kwa meneja, nakala Benki Kuu. Ripoti mpya ilipotoka, mkopo ulionekana umefungwa, lakini historia ya kuchelewa ilibaki palepale. Na hiyo ni haki yao, kweli nilichelewa.

Nilimpelekea yule dada ripoti mwenyewe, pamoja na barua ya kumaliza deni na maelezo ya ukurasa mmoja yenye tarehe. Alisema jambo lililonikaa: ucheleweshaji wa 2020 kwa mtu wa utalii kamati inauelewa, ila wangeukuta wenyewe bila mimi kuutaja, faili lingerudi. Akaomba pia taarifa za miamala ya simu. Alikuwa anatafuta mikopo ya mitandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na bado kuna watu wanazungusha kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonga, moja kulipia nyingine. Ukionekana huko, hata kama ni elfu hamsini, utaulizwa.

Kuhusu nyumba yenyewe, nitakuwa mfupi kwa sababu yangu ilikuwa rahisi. Kule Moshono na Olasiti dalali atakuapia kwamba nyumba ina hati, ukifika unaonyeshwa mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Benki yangu ilitaka hati miliki kutoka ofisi ya ardhi, yenye miaka ya kutosha kuzidi muda wa mkopo, na risiti za kodi ya pango la ardhi. Nyumba nyingi nzuri zilifia hapo.

Mshtuko ulikuwa kwa mtathmini. Muuzaji alitaka milioni 110. Mtathmini aliyetoka kwenye orodha ya benki akaandika thamani ya soko milioni 100, na chini yake thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo sitaki hata kuikumbuka. Benki ilitoa asilimia 80 ya thamani ya soko kwa mtathmini, siyo ya bei ya muuzaji. Kwa hiyo badala ya kutafuta milioni 22 nikajikuta natafuta 30. Juu yake kuna ada ya mkopo, mwanasheria, bima ya maisha na ya moto, ushuru wa stempu na usajili wa rehani. Tenga milioni kadhaa pembeni na usiziguse.

Kitu kimoja nilikipenda sana. Sheria inataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia ikiwekwa rehani, na mwanasheria hakuridhika na saini tu. Aliniomba nitoke nje, akabaki na mke wangu. Baadaye mama watoto akanisimulia: aliulizwa kama anajua nyumba inaweza kuuzwa tukishindwa kulipa, na kama kuna aliyemlazimisha. Akajibu anajua, halafu naye akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: baba watoto akifa, bima inalipa deni lote au nusu? Lote, lakini baada ya kupima afya. Nilipimwa wiki hiyohiyo.

Riba sasa. Marejesho yangu ni kama shilingi 1,175,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, zaidi ya 1,066,000 ilikuwa riba, na deni la msingi lilipungua kwa laki moja na elfu nane hivi. Ukipiga mpaka mwisho, milioni 80 zinarudi zikiwa zaidi ya milioni 210. Waombe wakuchapie jedwali lote la marejesho kabla ya kusaini, ulale nalo. Wazee wanasema zamani ilikuwa mbaya zaidi, na ni kweli: kabla ya TMRC, kampuni inayozikopesha benki, kuanzishwa mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, mkopo wa nyumba wa miaka 15 ulikuwa adimu na riba ilivuka asilimia 20. Bado haifanyi asilimia 16 kuwa rahisi. Na riba yangu ni ya kubadilika. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Yangu haijasogea.

Niliomba nilipe kwa msimu: nyingi Julai hadi Oktoba, kidogo Aprili na Mei. Wakakataa; mkopo wa nyumba ni kila mwezi. Tulichokubaliana ni kufungua akaunti ya pembeni yenye marejesho ya miezi mitatu, imefungwa, inafunguliwa kwa maombi tu. Masika iliyopita akaunti hiyo ndiyo iliyonivusha. Benki zingeibuni hiyo kama bidhaa kamili, nusu ya madereva wa Arusha wangejitokeza, lakini kwa sasa lazima uombe mwenyewe.

Na ukitaka kulipa zaidi mwezi wa neema, andika barua kila mara kwamba fedha hiyo ni ya kupunguza deni la msingi, ugongewe muhuri nakala yako. Agosti niliweka milioni 3 bila barua, nikaikuta Septemba imekaa kwenye akaunti ikisubiri makato ya kawaida, na riba imehesabiwa juu ya deni lilelile.