Pampu ya bwawa la kuogelea: spidi moja au spidi inayobadilika?

Katika ukaguzi wa umeme wa nyumba, pampu ya spidi moja haina ujanja: ikila kilowati 1.5 kwa saa 8, ni yuniti 12 kwa siku. Pima wati zenyewe; nguvu farasi za kwenye kibandiko hudanganya.

Ya spidi inayobadilika ndiyo huwavuruga wakaguzi. Ukishusha mzunguko hadi nusu, maji hupungua nusu, lakini umeme kinadharia hubaki sehemu moja ya nane. Mota hupoteza ufanisi huko chini, hivyo kilowati 0.25 ni makadirio salama zaidi: saa 16, yuniti 4, maji yaleyale.

Kuna hita? Mtiririko ukiwa hafifu, swichi yake huizima. Saa za kupasha zihesabu kwa spidi ya juu.