Ekzosi yangu imeoshwa kwa dawa ya choo

Nililipa shilingi 15,000 kuoshewa midomo miwili ya ekzosi ya gari langu tu, yaani ncha za bomba la moshi. Kuosha bodi ilikuwa bei nyingine na sina ugomvi nayo. Kituo cha kuoshea magari kipo hapa hapa Dodoma mjini, jina nalihifadhi, na nyota naweka moja tu.

Kijana alichukua chupa ya dawa ya kusafishia choo akamimina moja kwa moja kwenye kromu, ekzosi ikiwa bado ya moto. Povu likachemka. Halafu akashika stili waya, ile ile ya kusugulia masufuria. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo ni asidi, na hiyo ni kromu." Akasita. Aliyejibu ni msimamizi wake, kakaa kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye simu: "Mama, wewe kaa kivulini, haya ni mambo ya mafundi."

Haya, tuzungumze mambo ya mafundi.

Kromu inayopakwa kwenye mdomo wa ekzosi ni utando tu, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, chini ya nikeli kuna chuma cha kawaida. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo ndiyo wapakaji wa kromu huitumia kuivua ya zamani kabla ya kupaka mpya. Yaani nimelipa nivuliwe kromu. Ule unjano-njano uliochungulia ukingoni baada ya kusuuza, ambao msimamizi aliuita "uchafu sugu", ni nikeli. Na joto liliongeza balaa, maana kwenye chuma cha moto asidi hufanya kazi haraka na kukaukia hapo hapo kabla hujaiwahi na maji. Stili waya ikamalizia: inachora, tena inaacha vinyuzi vya chuma vinavyoota kutu vyenyewe. Kromu ikishaondoka hakuna polishi itakayoirudisha. Ni kupaka upya au kununua midomo mingine.

Stenlesi, chuma kisichoota kutu kirahisi, ingejikaza zaidi, ila nayo haipatani na asidi hiyo. Inatobolewa vitundu vitundu kama iliyodonolewa na kuku.

Ndiyo maana fundi wa kweli anaanza kwa kujua anagusa nini. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Ikinasa kwa kishindo, chukulia ni chuma kilichopakwa kromu. Isiponasa au ikining'inia kiuvivu, ni stenlesi. Zipo stenlesi za bei nafuu zinazonasa pia, lakini ukiifanyia upole stenlesi ukidhani ni kromu hujapoteza kitu. Midomo iliyopakwa rangi nyeusi ni sabuni na maji tu, polishi isiisogelee kabisa.

Kazi yenyewe haizidi saa moja. Subiri ekzosi ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja. Sokomeza kitambaa ndani ya bomba ili maji na masizi yasiingie wala kutoka, na ukiache kinaning'inia nje ukione, kwa sababu kuna watu wamewasha gari wakiwa wamekisahau. Kisha suuza vumbi kwanza, bila kusugua. Hapa kwetu hili si la kuruka: vumbi la Dodoma lina mchanga ndani yake, na ukianza na kitambaa kikavu umeshapiga msasa bila kujua. Ndipo sabuni ya maji ya vyombo, matone machache kwenye lita moja ya maji, na mswaki wa zamani.

Masizi yaliyogandia ndani ya mdomo yanahitaji kulainishwa. Pakaza WD-40 (mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu) au mafuta ya taa kwa kitambaa, acha dakika kumi, futa, rudia. Yakibaki kwenye kromu, finyanga karatasi ya foili ya kufungia chakula, iloweshe, sugua taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inang'oa uchafu bila kuichubua. Kwenye stenlesi unaweza kutumia stili wulu laini kabisa, ile ya stenlesi isiyoacha vinyuzi vya kutu, ukifuata mistari ya chuma ilivyolala. Stenlesi iliyokwaruzika sana ndiyo pekee inayostahimili msasa wa maji: namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, na usihamie namba inayofuata mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia imefutika yote. Kromu haipigwi msasa hata siku moja.

Mwisho polishi ya chuma, Autosol au Brasso, kiasi cha punje ya maharage kwa kila mdomo. Kitambaa kitageuka cheusi, usishtuke. Ukiona stenlesi ina rangi ya dhahabu au bluu, hiyo ni alama ya joto, na polishi inaipunguza. Baada ya hapo nta nyembamba, ambayo kusema kweli haidumu kwa sababu ya moto, ila inasaidia siku za mwanzo.

Na ufute maji yote. Maji yetu yana chumvi, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ambayo watu huyafuata na asidi, na hapo ndipo tunarudi kwenye chupa ile. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha: pitisha, suuza mara moja, kausha.

Jambo jingine ambalo kituo kinachojiita cha mafundi kingeweza kuniambia: masizi makavu yakirudi ndani ya wiki, angalia kichujio cha hewa kwanza, kwa vumbi hili huziba mapema na injini inaweza kuishia kula mafuta mengi kupita kiasi kwa hewa inayoipata. Masizi yenye unyevu wa mafuta ni oili inayoungua, na hiyo haina polishi.

Sasa niwe mwadilifu. Bodi waliiosha vizuri, vioo havina mstari, na yule kijana nilipokuwa naondoka alinisogelea kwa sauti ya chini akasema, "Samahani mama, ndivyo tulivyofundishwa." Hapo moyo ukalegea. Kosa si lake, hajapewa hata sumaku, na nikawaza nyota tatu. Mbili za bodi, moja yake.

Halafu nikapiga simu kuuliza kama watachangia gharama. Msimamizi yule yule akasema kutu "ilikuwemo tangu Japani". Kutu gani ya Japani inayochagua kutokea pale tu palipomiminiwa dawa, ikiwa na umbo la mchirizi kabisa, kutoka juu kwenda chini? Nyota ya kijana inabaki. Za bodi nazichukua. Leo asubuhi nimepitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wa kushoto, kimetoka na rangi ya kutu, kama udongo wa Kizota hapa Dodoma, na gari halijatoka nje ya geti tangu juzi.