TAHADHARI: Kuna muuzaji wa "kamba za kupandia miti" ambazo ni kamba za mizigo

Wapogoaji na wote mnaopanda juu ya miti kwa kamba: kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na seti kamili, yaani kamba, mkanda wa kukalia, kamba fupi ya kuzungushia shina na karabina mbili, zile pete za kuunganishia zenye mlango. Picha safi, bei ya kutamanisha, maelezo yanasema "EN 1891, inabeba tani mbili" (EN 1891 ni kiwango cha Ulaya cha kamba za kazi kama hii). Msinunue. Kama umeshanunua, usipande nayo hata mara moja.

Mwenzetu aliletewa seti hiyo tukaikagua chini ya mti kabla hajajifunga. Kwa nje kamba inapendeza, nyeupe yenye mstari mwekundu, ala, yaani ganda lake la nje, imesukwa vizuri tu. Tukakata ncha. Kamba halisi ya EN 1891 huwa na utepe mwembamba ndani, urefu wote wa kamba, wenye jina la mtengenezaji, namba ya kiwango, mwaka na aina ya malighafi. Humu utepe haukuwemo. Kulikuwa na nyuzi za plastiki za rangi mchanganyiko. Tukatia kipande kwenye ndoo ya maji na kukikamua hewa yote, kikaelea. Nailoni na poliesta huzama. Polipropilini ndiyo inayoelea, na hiyo ni kamba ya kufungia mizigo.

Muuzaji atakuonyesha video ya gari likivutwa na kamba yake. Haithibitishi kitu, maana mtini adui mkubwa ni msuguano. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, wakati nailoni na poliesta huvuka 210. Anayeshuka kwa fundo la msuguano, lile linaloibana kamba kuu, anajua lilivyo la moto akilishika baada ya kushuka haraka. Kwa kamba hii ala italainika pale pale, nawe bado uko juu. Jua nalo huidhoofisha upesi.

Karabina ndizo zilizoniudhi zaidi. Maandishi ya "22 kN" (kilonewton, kipimo cha nguvu inayohimili) yamepakwa rangi tu, yakabanduka kwa ukucha! Mlango unafunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kwa kazi ya mtini tunataka karabina inayojifunga na kujikaza yenyewe, isiyofunguka mpaka uifanyie vitendo viwili au vitatu tofauti, kwa sababu kijiti au kamba ikiusugua mlango inaweza kuufungua bila wewe kujua.

Mkandani kuna alama ya CE, ya kukidhi masharti ya Umoja wa Ulaya, peke yake. Kifaa cha kuzuia kuanguka lazima kiwe na tarakimu nne pembeni ya CE, namba ya taasisi inayosimamia utengenezaji, na namba hiyo inatafutika kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Ingawa hata namba huibwa, kwa hiyo linganisha cheti na ulichoshika mkononi. Cheti alichotuma huyu kilikuwa cha kamba ya milimita 11, yake ni ya 13.

Mtamjua hivi: anajibu haraka sana hadi umwombe picha ya ncha ya kamba iliyokatwa au ya lebo kwa karibu. Hapo stoo inafungwa ghafla, kisha anakuzuia. Anataka malipo yote kabla, risiti hatoi. Akaunti hubadilika jina, picha zinabaki zile zile. Siku hizi ameongeza mikanda "iliyotumika kidogo". Hiyo nayo iacheni, maana nailoni iliyoguswa na asidi ya betri inaweza kuonekana nzima kabisa kumbe imeshadhoofika.

Mlionunua, pigeni picha kila kitu pamoja na ujumbe wa malipo, ripotini akaunti hiyo na mpeleke malalamiko kwa mamlaka ya viwango au ya walaji mliko. Tunzeni seti kama ushahidi. Shauri likiisha, kateni kamba vipande vifupi visivyofika hata mita moja na mponde milango ya karabina kwa nyundo, asije mtu akaiokota na kuiuza tena.