Uchambuzi: vipakiti vya virutubishi vya mtoto, na kwa nini uji wa moto unaviharibu

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua hiki kipakiti cha gramu 1, unga wa virutubishi wa kuchanganya kwenye chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23. Mnaopeleka watoto kliniki huenda mmeshapewa.

Nakichana mkione. Unga mkavu, laini, hauna harufu kali. Mchanganyiko wa kawaida una vitamini na madini 15. Kuna chuma miligramu 10, zinki miligramu 4.1, vitamini A mikrogramu 400, na madini joto mikrogramu 90. Kubwa hapo ni chuma. Mtoto akifika miezi 6, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kwisha, na uji wa mahindi mtupu hauwezi kuijaza.

Sasa, lawama ninayoisikia kila mara: "Uji umebadilika rangi, una ladha ya msumari, mtoto kaukataa." Sikilizeni vizuri. Chembe za chuma humu zimefunikwa kwa utando wa mafuta ili ladha isijitokeze. Ukimwaga unga kwenye uji unaofuka moshi, utando unayeyuka, chuma kinatoka, uji unakuwa mweusimweusi. Joto kali linapunguza na baadhi ya vitamini. Kwa hiyo usiupike kamwe.

Fanya hivi. Pika chakula kama kawaida, mtilie mtoto kwenye bakuli lake. Tenga pembeni vijiko vitatu au vinne, kiasi ambacho una hakika atakimaliza. Kiache kipoe hadi kiwe vuguvugu. Mwaga kipakiti chote, koroga, mlishe hicho kwanza akiwa bado na njaa, ndipo umpe kilichobaki. Akimalize ndani ya nusu saa, maana kikikaa kinabadilika rangi.

Kiwe chakula kizito: uji usiochuruzika kwenye kijiko, mtori, viazi vilivyopondwa, wali uliopondwa na maharage. Kwenye maji, maziwa au chai unga unaelea na kuganda ukingoni mwa kikombe, halafu unaoshwa na vyombo. Na hiyo chai, jamani, mtoto wa umri huu hana kazi nayo. Inazuia chuma kufyonzwa mwilini.

Kipakiti kimoja, mtoto mmoja, siku moja. Mapacha wasigawane, na usimwage kwenye sufuria ya familia. Ukisahau jana, leo usitoe viwili. Shirika la Afya Duniani linalenga vipakiti 90 ndani ya miezi 6. Ratiba ya siku gani umpe, fuata ya kliniki yako. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma kilichobaki. Siku za mwanzo anaweza kuharisha kidogo au kupata choo kigumu, kisha hutulia. Mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa kwanza, na palipo na malaria, chandarua na matibabu ya mapema viende pamoja na vipakiti hivi, kwa sababu chuma kwa mtoto mwenye malaria isiyotibiwa kinaweza kumdhuru.

Udhaifu wake? Hakishibishi wala hakinenepeshi. Gramu moja haina nguvu ya kumwongezea mtoto uzito, na anayekitumia kwa matumaini hayo atavunjika moyo. Uzito unatoka kwenye bakuli lenyewe: kijiko cha mafuta au cha karanga zilizosagwa, yai, unga wa dagaa, maharage, na maziwa ya mama yakiendelea. Karanga chagua moja moja. Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiishi kwa kukaanga.

Na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, acha vipakiti, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Huko, akiwa na hamu ya kula na hana maradhi mengine makubwa, atapewa chakula dawa cha karanga, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Hicho kina vitamini na madini yake tayari, usikiongezee huu unga.

Mimi nakipa alama za juu kwa kazi ya kuzuia upungufu wa damu, na sifuri kwa kutibu utapiamlo mkali. Ukipokea boksi, angalia tarehe ya mwisho, kisha bonyeza vipakiti kwa vidole. Kilichotoboka au chenye mabonge kimeingiwa na unyevu, kirudishe ubadilishiwe.