Vifaa vya mazoezi ya hesabu, darasa la kwanza hadi la nne: kipi kitangulie

Kabla hujaenda dukani, mpe mtoto 42 kutoa 17 aifanye mbele yako. Akipata 35, ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndiyo rahisi, kukopa hajakuelewa. Huyo ukimnunulia chati ya kuzidisha umetupa hela. Akipata 25 lakini kwa kuhesabu vidole mpaka vimwishie, basi ameelewa, anachokosa ni mazoezi. Orodha hii nimeipanga kwa thamani ya pesa, si kwa uzuri wa kifaa.

Namba moja ni daftari la miraba na penseli, na sina mjadala. Tarakimu moja, mraba mmoja: mamoja yanakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Makosa mengi ya darasa la pili hutokana na tarakimu zilizohama safu, si na ujinga wa mtoto. Chagua lenye miraba mikubwa, na karatasi isiyotoboka ukipitisha kifutio.

Ya pili ni abakasi, yaani fremu ya shanga za kuhesabia, na hapa wazazi wengi huchanganya. Ziko aina mbili. Ile ya nyaya za kulala, shanga kumi kila waya, jumla 100, inafaa darasa la awali na la kwanza kwa kuhesabu tu. Ile ya vijiti vilivyosimama, kila kijiti na nafasi yake (mamoja, makumi, mamia), ndiyo inayofundisha kuchukua na kukopa. Mtoto akijumlisha 38 na 27, kwenye mamoja anapata shanga 15. Anaondoa kumi, anaweka moja kwenye makumi. Amekiona kwa macho kile ambacho mwalimu alikisema kwa mdomo. Vuta shanga kabla ya kulipa: zikikwama, au rangi ikibaki vidoleni, irudishe. Kwa darasa la kwanza, vizibo vya soda na rababendi za kufungia kumi kumi vinafanya kazi ileile bure.

Tatu, kadi za kuzidisha. Pakiti kubwa za kadi 100 ni kujaza kasha. 6 mara 8 ni sawa na 8 mara 6, na mara 1 na mara 10 hazihitaji kadi; ukiondoa hizo unabaki na kadi 36 tu. Kata boksi la maziwa, andika mwenyewe. Chati ya ukutani naiweka chini ya kadi kwa sababu mtoto huchungulia jibu, na madaftari mengi tayari yana jedwali hilo nyuma ya jalada.

Kitabu cha mazoezi ni cha nne. Angalia mwaka: Tanzania mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa punguzo huenda visifuate mada za darasani. Fanya maswali matano papo hapo ulinganishe na majibu ya mwisho wa kitabu. Kikikosea hata moja, kirudishe rafuni. Kisichokuwa na mafumbo, yaani maswali ya maneno, pia kiache.

Programu za simu ni za tano, ingawa zipo nzuri. onecourse na Kitkit School ziligawana tuzo ya Global Learning XPRIZE (shindano la kimataifa la programu za kufundishia watoto) mwaka 2019, baada ya majaribio ya Kiswahili kwa watoto wa vijijini mkoani Tanga. Kinachoziangusha ni simu yenyewe: baba akirudi na simu yake, zoezi limeisha. Ukiwa na kishikwambi cha ziada, zipandishe hadi nafasi ya tatu.

Mwisho kabisa ni zile kompyuta ndogo za plastiki zinazoimba kwa Kiingereza. Betri zinaisha haraka, na nyingi hazina hata nafasi ya mtoto kuandika njia aliyopitia kufika kwenye jibu.