Kaliya Mardan kwenye DVD: picha naipenda, diski imeniudhi

Nimelelewa na picha za Kihindi za kuimba na kulia, kwa hiyo nilipoagiza hii nilijua naingia kwingine kabisa. Ni picha bubu ya mwaka 1919, kazi ya Dadasaheb Phalke, yule aliyetoa picha ya Raja Harishchandra mwaka 1913. Sisi tunaokusanya picha za kale tunamhangaikia sana Phalke kwa sababu kazi zake nyingi zimepotea. Mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya naitreti, aina ya plastiki ya kale, huoza na kushika moto upesi. Hii imenusurika kwa sehemu kubwa, ingawa haifiki saa nzima.

Kilichonitoa pesa ni mwanzo wake. Kabla ya hadithi, Phalke anamweka binti yake Mandakini, katoto ka miaka kama saba, mbele ya kamera. Sura tupu, hana mapambo ya kimungu. Mara anacheka, mara ananuna, halafu picha inayeyuka na huyo hapo, keshakuwa Krishna, mungu wa Kihindu. Baba anajivunia mwanawe, basi! Na kumbuka kwamba miaka sita nyuma, katika Raja Harishchandra, malkia Taramati alichezwa na Salunke, mwanamume aliyekuwa mpishi, maana wanawake hawakupatikana. Sasa msichana anacheza mungu wa kiume.

Pigano na nyoka Kaliya mtoni Yamuna ni la kutazama hata kama nyoka anaonekana wazi kuwa wa kutengenezwa. Mimi nilimwogopa kidogo, sioni haya kusema.

Diski yenyewe sasa. Kava lina picha ya filamu nyingine. Muziki ni kinanda kinachorudia kipande kimoja mpaka kichwa kikaniuma, nikazima sauti. Kibaya zaidi, wameikimbiza: picha za bubu zilipigwa kwa mwendo wa chini kuliko fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde za leo, ukizicheza kwa mwendo huu wa leo watu wanatembea kama wamekanyaga moto. Kwenye kompyuta nilipunguza kasi hadi robo tatu, ikatulia. Muuzaji nimemwandikia mara mbili, kimya.

Shangazi alikaa nami kuitazama. Dakika kumi nzima alilalamika mbona hawaimbi. Ilipoisha akasema, "Hebu rudisha pale mwanzo, pale katoto kanapocheka."