Ng'ombe chotara kutoka Machame: maziwa fresh, usafiri ndo kasheshe

Wale mnaoulizia ng'ombe wa maziwa, mimi nilimchukua kwa mfugaji mmoja huko juu Machame, Kilimanjaro, chotara wa Friesian na Jersey, uzao wa pili, yani ameshazaa mara mbili, na mpaka leo sina neno naye. Kilichonifanya nimuamini yule mzee ni kwamba nilipomwambia nataka nione akikamuliwa jioni na kesho yake asubuhi hakununa wala hakuanza stori za mteja mwingine yuko njiani, akasema karibu kijana, ndoo hii hapa pima mwenyewe. Jioni lita 5, asubuhi 8. Dalali wa mnadani hilo hakukubalii ng'o, mchezo wao unajulikana, ng'ombe hakamuliwi toka jana yake ili ukifika kiwele kimetuna hatari unaanza kupiga hesabu za lita 20, kumbe yale ni ya siku nzima.

Baada ya kukamua nilikishika kiwele kikawa kimelegea kama soksi tupu, na ndo unachotaka, kikibaki kigumu sehemu jua ni nyama au kuna ugonjwa wa kiwele. Kila chuchu maziwa ya kwanza aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, mabonge hakuna, chuchu zote nne zinatoa. Mdomoni meno makubwa 8 yametimia ila hayajalika, yani miaka minne mitano hivi, inaendana na uzao wa pili. Ukiambiwa uzao wa pili halafu meno yameisha, ondoka tu usibishane.

Mzee ana na daftari, tarehe za kuhamilishwa, kuzaa, dawa za minyoo, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mke wake, safi sana.

Alikuwa na Friesian halisi pia, mrembo kweli, ila mimi nina robo eka ya majani ya mabingobingo, yule bila majani ya kushiba na pumba na mashudu kila siku anakauka tu na kukudai. Chotara anavumilia, na maziwa yake yana mafuta, wamama wa mtindi wanayagombania.

Lawama sasa. Usafiri ni juu yako na pa kupakilia hapana, tulimsukuma kwenye fuso kwa kamba na kelele, ng'ombe ana mimba changa jamani! Halafu mzee hakunitahadharisha kuhusu kupe. Ng'ombe wa kule anazaliwa na kukulia bandani, kupe hawajui, ukimshusha huku tambarare ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inamlaza chini. Mtaalamu wa mifugo wa kijiji ndo alinishtua, tukaanza kuogesha kila wiki. Maziwa yalishuka wiki ya kwanza kwa ugeni, yakarudi yenyewe.

Bei ilikuwa milioni mbili na nusu, hapungui hata kwa dua. Nampa nyota 4, na mtamba wake mmoja, jike ambaye hajazaa bado, nishamwekea oda.